Shajara ya mradi: kupanga mikutano ya Teams kwa jina la ofisi

Mwishoni mwa Januari katibu muhtasi wetu aliacha kazi, na mikutano yote ya kila wiki ya Teams, programu ya Microsoft ya mikutano ya mtandaoni, ikabaki kwa jina lake. Viungo viliendelea kufunguka kama kawaida, lakini hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kusogeza saa, kuongeza mwalikwa mpya wala kufuta kikao kilichoangukia sikukuu. Na mwaliko ukishatoka, kalenda ya Exchange, huduma ya Microsoft ya barua na kalenda, haikukubali tubadilishe mwandaaji. Tukaamua kwamba kuanzia sasa mikutano iwe mali ya ofisi: mwandaaji awe sanduku la pamoja (shared mailbox), yaani akaunti ya barua inayotumiwa na watu kadhaa, na yeyote anayekalia meza ile aipange kwa niaba ya sanduku hilo.

Naweka kumbukumbu hizi kwa ajili ya watu wa TEHAMA kwenye mashirika madogo ambao wataombwa kitu hikihiki. Ombi ni la sentensi moja, lakini ndani yake mna ruhusa za aina tatu, leseni, sera na saa za eneo, na kila kimoja hukaa mahali pake.

Mazingira yetu: Microsoft 365, barua zote ziko Exchange Online, hatuna seva ya ndani. Makao makuu ni Morogoro, tuna ofisi Kigoma na Bujumbura, na kila Jumatano saa nne asubuhi tunakutana mtandaoni pamoja na wafadhili walioko Berlin. Morogoro na Kigoma wanatumia Outlook, programu ya barua na kalenda, ile ya zamani ya kwenye kompyuta. Bujumbura wanatumia ya kwenye kivinjari.

17 Februari 2025: Sanduku limefunguliwa, mkutano umekataa

Sanduku la pamoja, tuliloliita mikutano, limefunguliwa bila shida. Anayekaimu ukatibu amepewa ruhusa mbili ambazo wengi huzizoea, kwa PowerShell, dirisha ambamo msimamizi huandika amri:

Add-MailboxPermission -Identity mikutano -User kaimu -AccessRights FullAccess
Add-RecipientPermission -Identity mikutano -Trustee kaimu -AccessRights SendAs

Kusoma barua, sawa. Kutuma kwa jina la sanduku, sawa. Akafungua kalenda ya sanduku, akabonyeza kitufe cha mkutano wa Teams, na ujumbe ukatokea kwamba hana ruhusa ya kupanga mikutano kwa akaunti hii, awasiliane na mwenye akaunti. Mwenye akaunti ni sanduku, hakuna mtu wa kuwasiliana naye.

Tulichojaribu bila mafanikio: kutoka Teams na kuingia upya, kufuta kumbukumbu za muda za Teams, kuondoa kiongezi cha Teams ndani ya Outlook na kukiweka tena, kubadilisha kompyuta. Sera ya mikutano, yaani masharti ya Teams ambayo msimamizi huwawekea watumiaji, nayo nimeikagua. Kipengele cha AllowOutlookAddIn ni kweli, na kwenye kalenda yake mwenyewe kaimu anapanga mikutano ya Teams vizuri kabisa. Hilo la mwisho ndilo lingepaswa kuangaliwa kwanza, kwa sababu linaondoa kompyuta, programu na kiongezi kwenye orodha ya washukiwa kwa mpigo mmoja. Ukikutana na ujumbe huu, anza hapo, utaokoa mchana mzima.

19 Februari 2025: Ruhusa ya tatu

Teams inapopanga mkutano kwa niaba ya akaunti nyingine, haiishii kuuliza kama una Full Access. Inaangalia ruhusa zako kwenye folda ya kalenda ya akaunti ile, na inataka uwe angalau Editor, yaani mwenye haki ya kuandika na kubadilisha. Full Access ni ruhusa ya sanduku zima na imeandikwa sehemu nyingine. Ukiangalia kalenda ya sanduku letu kwa amri hii:

Get-MailboxFolderPermission -Identity mikutano:\Calendar

jina la kaimu halimo kabisa. Kuna Default (wengine wote wa shirika) na Anonymous (wasiojulikana) tu. Kwa hiyo:

Add-MailboxFolderPermission -Identity mikutano:\Calendar -User kaimu -AccessRights Editor -SharingPermissionFlags Delegate

Alama ya Delegate mwishoni ndiyo inayomfanya awe mwakilishi wa kalenda hasa, yaani majibu ya mialiko, waliokubali na waliokataa, yanamfikia na yeye. Alama hiyo inakubalika pamoja na Editor pekee. Kama mtu tayari yumo kwenye orodha, tumia Set-MailboxFolderPermission badala ya Add, vinginevyo amri itagoma.

Kwa mtu wa kawaida mwenye kalenda yake, haya yote hufanywa ndani ya Outlook kwa kubofya mara chache. Sanduku la pamoja halina mtu anayeingia kama yeye, na ndivyo inavyotakiwa kiusalama. Ndiyo maana kazi hii inaishia kwa msimamizi, kwenye PowerShell.

Kigoma na Bujumbura nazo zina masanduku yao, na kwa la Bujumbura amri ileile ilirudi na kosa kwamba folda haipo. Sanduku lile lilifunguliwa kwa Kifaransa, kwa hiyo kalenda yake inaitwa Calendrier. Usikisie jina, uliza:

Get-MailboxFolderStatistics -Identity bujumbura -FolderScope Calendar | Select Name,FolderPath

kisha andika bujumbura:\Calendrier kwenye amri. Wenye matawi Burundi, Rwanda na Kongo watakutana na hili mapema tu.

Mabadiliko ya ruhusa hayaonekani papo hapo. Mpe mtumiaji kama saa moja, afunge Outlook na Teams zote mbili, ndipo ajaribu.

20 Februari 2025: Leseni

Ruhusa zimekaa sawa, ujumbe wa kukataliwa umebaki vilevile. Sababu iliyosalia ni leseni. Sanduku la pamoja halihitaji leseni kupokea na kutuma barua hadi GB 50, na ndiyo maana watu hulipenda. Mwandaaji wa mkutano wa Teams, kwa upande wake, anatakiwa awe na leseni ya Teams, na mwandaaji wetu ni sanduku.

Sisi tuko kwenye mpango wa mashirika yasiyo ya kibiashara, ambao unatoa Microsoft 365 Business Basic bila malipo hadi watumiaji 300. Tumechukua nafasi tatu za bure kwa masanduku matatu: Morogoro, Kigoma na Bujumbura. Gharama sifuri. Bei ya kawaida mwanzoni mwa 2025 ilikuwa dola 6 kwa mwezi kwa kila sanduku kwa mkataba wa mwaka, yaani masanduku matatu yalikuwa dola 18 kwa mwezi. Kwa ofisi ndogo hiyo ni hela, kwa hiyo fikiria kwanza kama kweli unahitaji masanduku matatu au moja linatosha. Kwa mtazamo wangu, moja kwa kila ofisi yenye ratiba yake, na lisiwepo lingine.

Kuingia kwa akaunti ya sanduku kumebaki kumezuiwa. Leseni haibadilishi hilo, na wewe usilibadilishe.

Mchana mkutano wa kwanza umepangika. Kaimu alifurahi mpaka akaja ofisini kwangu kunionyesha.

25 Februari 2025: Mkutano wa nani?

Siku chache zimepita, na mialiko miwili kati ya ile iliyotoka ina jina la sanduku juu, lakini mkutano wenyewe unamtambua kaimu kuwa mwandaaji. Ukiangalia mwaliko huoni tofauti. Tofauti imo ndani ya kiungo. Kiungo kirefu cha Teams kina sehemu mwishoni inayoanza na context, na ndani yake mna vitambulisho viwili: Tid ni cha shirika, Oid ni cha mwandaaji. Nakili kile cha Oid, kilinganishe na kitambulisho cha akaunti kwenye Entra, daftari la Microsoft la akaunti za shirika. Kwenye mialiko ile miwili, Oid ilikuwa ya kaimu. Viungo vifupi vya siku hizi havionyeshi kitu hiki, kwa hiyo ukipata kirefu, kitumie.

Kilichotokea: alianzia kwenye kalenda yake mwenyewe, akabonyeza kitufe cha Teams, kisha akabadilisha sehemu ya From kuwa sanduku. Kiungo kilikuwa kimeshazaliwa kwa jina lake. Njia sahihi ni kufungua kalenda ya sanduku, kusimama juu yake, na kuanza mkutano kutoka hapo. Tumeandika hatua hizo kwenye karatasi moja na kuibandika ukutani karibu na meza ya ukatibu, maana mtu wa tatu atakayekaimu hatakuwa na mimi pembeni yake.

Mikutano yote miwili imefutwa na kupangwa upya.

Na jambo dogo la hapohapo: barua zilizotumwa kwa jina la sanduku zilikuwa zinalala kwenye folda ya zilizotumwa ya kaimu, si ya sanduku. Amri hii inaweka nakala pande zote:

Set-Mailbox mikutano -MessageCopyForSentAsEnabled $true -MessageCopyForSendOnBehalfEnabled $true

26 Februari 2025: Wote wako nje

Jumatano ya kwanza chini ya mpango mpya. Saa nne na dakika tano mratibu wa Kigoma ananipigia: "Kaka, tumo wote kwenye chumba cha kusubiri, nani anatufungulia?"

Hakuna. Sera yetu ya shirika zima ilikuwa inaruhusu mwandaaji peke yake kupita bila kusubiri. Iliwekwa hivyo zamani baada ya watu wasiojulikana kuingia kwenye kikao chetu. Wakati mwandaaji alikuwa katibu, alikuwa anaingia wa kwanza na kuwafungulia wengine. Sasa mwandaaji ni sanduku, na sanduku haliingii mkutanoni. Mkurugenzi alikuwa anasubiri, wa Berlin walikuwa wanasubiri, na hakuna aliyekuwa ndani. Siku hiyo tulifungua mkutano mwingine kwa jina langu na kutuma kiungo kwa WhatsApp.

Sikutaka kulegeza sera ya shirika zima. Nimetengeneza ya masanduku peke yake:

New-CsTeamsMeetingPolicy -Identity MikutanoYaOfisi -AutoAdmittedUsers InvitedUsers
Grant-CsTeamsMeetingPolicy -Identity <anwani ya sanduku> -PolicyName MikutanoYaOfisi

Maana yake: aliyealikwa anaingia moja kwa moja, asiyealikwa anasubiri, na yeyote wa kwetu aliye ndani kama mwasilishaji anaweza kumfungulia. Zingatia kwamba sera inaweka chaguo la kuanzia kwa mikutano mipya tu. Mfululizo uliokwisha kupangwa unabaki na masharti yake ya zamani. Tumesubiri sera ienee, ambayo huchukua saa kadhaa, kisha jioni kaimu akafuta mfululizo wa Jumatano na kuupanga upya.

5 Machi kikao kimeenda vizuri mwanzo hadi mwisho.

12 Machi 2025: Mkutano umehama saa moja

Hiki ndicho kipengele kilichotuumiza zaidi, na ndicho ningependa msomaji akisome polepole.

Leo kila mtu ameona mkutano umewekwa 9:00, yaani saa tatu, badala ya 10:00, saa nne. Hakuna aliyegusa mwaliko. Bujumbura, ambao wako saa moja nyuma yetu, wameona 8:00 na wengine walikuwa bado njiani. Katika ofisi yetu neno "saa" lina hesabu mbili, ya Kiswahili na ya kompyuta, kwa hiyo dhana ya kwanza ilikuwa kwamba mtu amechanganya. Lakini mkanganyiko wa namna hiyo huleta tofauti ya saa sita. Ikiwa imehama saa moja kamili, tafuta saa za kiangazi, yaani desturi ya nchi fulani kusogeza saa mbele kwa saa moja sehemu ya mwaka.

Tanzania haina saa za kiangazi, wala Burundi. Ujerumani inazo, ila mwaka huu zinaanza 30 Machi. Marekani zilianza 9 Machi, Jumapili iliyopita. Nikafungua kalenda ya sanduku lenyewe kwenye kivinjari, na mkutano wetu wa Jumatano asubuhi ulikuwa umeandikwa Jumanne, 23:00.

Get-MailboxRegionalConfiguration -Identity mikutano

ikajibu: Pacific Standard Time.

Basi ikaeleweka. Sanduku likifunguliwa peke yake kwenye kivinjari kwa mara ya kwanza, huuliza lugha na saa za eneo, na ukibonyeza kuhifadhi bila kuangalia unapokea kilichopo. Jioni ile ya 26 Februari mfululizo ulipangwa kupitia dirisha hilo. Iliandikwa 10:00, watu wakaona 21:00 kwenye kalenda zao, basi saa ikasogezwa hadi watu waone 10:00. Ikafika Jumanne 23:00, na mbele ya macho ya kila mtu Morogoro ikaonekana sawasawa. Wakati ule saa za California zilikuwa nyuma yetu kwa saa 11. Tangu 9 Machi ziko nyuma kwa saa 10. Mfululizo ulishikamana na saa 23:00 za kule, kwa hiyo ukatuletea 9:00.

Marekebisho:

Set-MailboxRegionalConfiguration -Identity mikutano -TimeZone "E. Africa Standard Time"

Hiyo ndiyo inayoonekana kwenye orodha kama Nairobi, na Tanzania nzima imo humo. Kwa sanduku la Bujumbura jina ni "South Africa Standard Time". Ukibadilisha na lugha kwa amri hiyohiyo, weka pia DateFormat na TimeFormat zinazokubalika kwa lugha hiyo, la sivyo itakataa.

Kubadilisha saa za sanduku hakubadilishi mfululizo uliokwisha kuandikwa. Umefutwa, umepangwa upya, mara hii kwenye Outlook ya kompyuta ambayo inafuata saa ya kompyuta yenyewe. Watu wamepokea mwaliko mwingine tena, na nimewaandikia wote maelezo ya sababu, kwa heshima, maana wamevumilia mengi.

Ushauri wangu: saa za eneo ziwekwe siku ileile sanduku linapozaliwa, kabla hata ya ruhusa ya kwanza. Na mtu akikuambia "nimeirekebisha, sasa inaonekana sawa", muulize ameirekebisha kwa namna gani.

2 Aprili 2025: Berlin

Jumatano ya kwanza baada ya saa za kiangazi za Ulaya. Sisi saa nne kama kawaida. Berlin walikuwa wanaingia 8:00 yao, leo ni 9:00. Safari hii ndivyo inavyotakiwa iwe, kwa sababu mfululizo umefungwa kwenye saa zetu. Tuliwatumia taarifa wiki iliyotangulia na hakuna aliyepotea.

16 Aprili 2025: Rekodi zinaenda wapi

Mhasibu alitaka kusikiliza kikao cha bajeti, na rekodi ikapatikana kwenye OneDrive, hifadhi ya faili mtandaoni, ya mratibu wa Kigoma, kwa kuwa yeye ndiye aliyebonyeza kurekodi. Kwa kawaida rekodi huenda kwenye OneDrive ya mwandaaji. Sanduku letu lina leseni, lakini OneDrive yake haijawahi kufunguliwa, kwa sababu hufunguka mtu anapoingia mara ya kwanza, na hakuna anayeingia kama sanduku.

Msimamizi anaweza kuiagiza:

Request-SPOPersonalSite -UserEmails "<anwani ya sanduku>"

Amri ilipita bila kosa lolote, na kesho yake hakuna kilichofunguka. Sharti lake ni kwamba akaunti iwe inaruhusiwa kuingia, na ya kwetu imezuiwa. Kwa hiyo: nenosiri refu la kubahatisha lisilohifadhiwa popote, ruhusu kuingia, toa amri, subiri hadi ifunguke, jambo linaloweza kuchukua hata saa 24, kisha zuia tena. Usisahau hatua ya mwisho. Niliweka kikumbusho kwenye simu, na mwenzangu akaweka kwenye yake.

OneDrive imefunguka, na folda ya rekodi imeshirikishwa kwa kaimu na mhasibu.

28 Aprili 2025: Kusafisha mikutano ya zamani

Mfululizo wa katibu aliyeondoka ulikuwa bado uko kwenye kalenda za watu, ukishindana na mpya. Kuna walioingia kwenye kiungo cha zamani wakakaa peke yao. Akaunti yake ilizuiwa kuingia lakini sanduku lake lilikuwa bado halijafutwa, na hiyo ndiyo bahati yetu, kwa sababu kufuta kwa utaratibu kunahitaji sanduku liwepo:

Remove-CalendarEvents -Identity katibu -CancelOrganizedMeetings -QueryWindowInDays 365 -PreviewOnly

PreviewOnly inaorodhesha bila kugusa. Orodha ilikuwa ndefu kuliko tulivyodhani, na ndani yake kulikuwa na kikao cha bodi cha Juni ambacho hakuna aliyekikumbuka. Hicho tumekipanga kwanza chini ya sanduku, kisha nikatoa amri bila PreviewOnly, na taarifa za kufutwa zikaenda kwa waalikwa wote.

Hatua hii sasa imo kwenye fomu ya mtu anayeacha kazi, mstari wa juu ya kurudisha kompyuta: mikutano aliyoandaa iorodheshwe na kuhamishiwa kwenye sanduku kabla akaunti yake haijaguswa.

Kilichobaki: sanduku la Kigoma limepata leseni na ruhusa, lakini mratibu bado anapanga kwa jina lake kwa kuwa mfululizo wake unaisha Juni. Tutauhamisha hapo hapo, na kumbukumbu zake zitaongezwa hapa.